Mikono Ilikuwa Wapi

4 Februari

Mke wangu mdogo,

Salamu kutoka kwa mumeo wa kwanza, ambaye bado anapumua bila ruhusa ya daktari. Mimi mzima, ila nyonga ndiyo inalala mchana na kukesha usiku. Kuku wa shangazi yako wameingia tena chumbani kwangu. Mmoja ametaga ndani ya kofia yangu, na shangazi anasema kofia sasa ni yake kwa sababu yai ni lake. Nimekata rufaa.

Haya sasa. Shangazi amesikia kwenye simu kwamba umeanguka na meno ya mbele yameng'oka. Unamjua shangazi yako, mdomo wake ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa unakuja kunipa pole mimi, kana kwamba meno yalikuwa yangu. Mmoja kasikia mawili, mwingine manne, muuza mkaa wa hapa kona yeye ameshang'oa taya zima.

Kama ni kweli, karibu chamani. Mimi nimebaki na jino moja la chini, naliita Mwenyekiti, maana wajumbe wote wameshakufa na yeye bado anaendesha kikao. Tukikutana tutakula uji tukitazamana.

Lakini nikuulize, mke wangu. Katika ukoo huu hakuna aliyeanguka kunishinda mimi. Nimeanguka kwenye jukwaa la ujenzi, kwenye ngazi, na mara moja ndani ya pipa la chokaa. Ile ya jukwaani nilivunjika viganja vyote viwili, bibi yako akanilisha kwa kijiko kama kitoto cha njiwa, na meno hayakuguswa. Mtu akianguka mikono ndiyo hutangulia, haingoji kutumwa. Yako ilikuwa wapi? Mfukoni?

Msalimie mume mwenzangu. Mwambie nilikulea mimi tangu mama yako alipotuacha, yeye amekuta chakula kimeiva.

Babu yako, mwashi mstaafu.

Koma zilizobaki ni hizi: , , , , , Zipange unapotaka, wewe ndiye mwalimu.


27 Februari

Shikamoo babu, na shikamoo ya pili kwa Mwenyekiti.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu ilinichekesha na siku hizi sicheki hadharani. Koma nimezipanga, moja imebaki, nimeitunza. Shuleni tuko wengi kuliko madawati. Darasa langu la kwanza wamejaa hadi dirishani, anayechelewa anasimama. Mume wangu hajambo, amepandishwa cheo kazini, sasa anasimamia ghala zima. Anakusalimu.

Ni kweli nilianguka. Kuna kizingiti nyuma ya jikoni, kulikuwa na maji, nami nilikuwa nimebeba ndoo. Ndiyo maana mikono haikutangulia. Meno ya juu mawili ya katikati yaling'oka palepale, la pembeni limekatikia kwenye fizi, na jingine lina ufa. Ya chini yanacheza.

Nimempata daktari wa meno, mama mmoja mfupi ambaye husimama juu ya kigoda ili afike kinywani mwa mtu. Amepiga picha ya taya akanionyesha. Anasema atang'oa mizizi iliyovunjika, ataua neva ya lile lenye ufa na kulivisha kofia, na palipo wazi ataingiza skrubu za chuma kwenye mfupa. Halafu tusubiri miezi mfupa uzishike, ndipo juu yake aweke meno. Kwa sasa atanipa meno ya muda, ya kuvaa na kuvua.

Kwenye simu usinitafute, babu. Naona haya, maneno yangu yanavuja hewa, na simu yenyewe haikai sana na mimi. Na tafadhali, barua andika kwa anwani ya shule. Posta ya mtaani kwetu inachelewesha mno.

Mjukuu wako.


12 Machi

Mwalimu wangu,

Hatujambo wote isipokuwa jogoo, amepigwa na kuku jike mbele ya watu na sasa hawiki. Rufaa ya kofia nimeshindwa.

Huyo daktari wako ni mwashi mwenzangu. Kila alichokuambia nakijua: unabomoa kilichooza, unachimba, unasimamisha nondo, unaacha zege likauke, na mwenye nyumba akikusukuma upige plasta haraka unamwambia akajenge mwenyewe. Msikilize. Asiyekaa kimya zege likikauka atakuja kukaa ndani ya nyufa. Na kile kigoda chake mwambie nimekisalimia, mimi nilikuwa nasimama juu ya debe.

Jambo moja tu linanisumbua. Ule mwanya wako. Sijui kama daktari anajua kwamba kati ya yale mawili ya katikati palikuwa na mwanya, na kwamba mwanya ule haukuwa wako. Ulikuwa wa bibi yako, alikuachia. Mimi wanawake walikuwa wengi tu, wengine na mashamba, lakini siku bibi yako alipocheka pale kisimani nikaona kile kichochoro katikati ya meno, nilidondosha mwiko wa kujengea ukazama, na sikuutafuta. Sasa meno yameng'oka, sawa, ni mawe tu. Lakini kichochoro kinang'okaje? Mwambie akirudishe.

Ndoo ilipasuka? Nauliza kwa sababu ndoo iliyoanguka na mtu hulia mtaa mzima, na jirani yenu, yule mshonaji anayeongea na shangazi kila Jumapili, anasema hakusikia ndoo.

Mume mwenzangu mpe hongera ya cheo. Mwambie anayesimamia ghala asisahau vilivyo nyumbani.

Babu yako.

, , , Leo ni chache, nimetumia nyingi kwa bibi yako.


20 Aprili

Shikamoo babu.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mitihani, na ufizi uliovimba. Pole ya jogoo.

Skrubu zimeingia. Sikusikia maumivu, nilisikia kelele tu, kama mtu anatoboa ukuta wa jirani na jirani ni wewe. Meno ya muda nayavaa, lakini yanapwaya, nikisema f yanataka kutoka nje kusalimia watu. Shuleni imekuwa balaa. Nilikuwa nafundisha silabi, naandika sufuria ubaoni, nasoma "shupuria", na watoto wote kwa sauti moja: "Shupuria!" Wiki mbili nzima. Kaja mama mmoja kwa mwalimu mkuu, anasema mwanangu alitoka nyumbani na ulimi mzuri, nani ameuharibu? Mwalimu mkuu ni mama muungwana, aliuma midomo asicheke. Amenipa kazi ya kusahihisha ofisini mpaka nipate meno ya kudumu. Nimekaa huko na chaki. Naisikia "shupuria" yao kupitia ukutani, na sina la kufanya.

Kuhusu mwanya. Daktari aliniuliza kama palikuwa na nafasi katikati, kwa sababu picha zangu zote nimefunga mdomo. Mume wangu huwa anaingia na mimi, anakaa kile kiti cha mlangoni. Akajibu kwamba ufungwe, meno yapangwe yasiache tundu, kwamba mwanya humfanya mwanamke aonekane anamcheka kila mtu. Daktari akaniangalia mimi. Nikaangalia taa.

Kwa hiyo labda utafungwa, babu. Si jambo kubwa. Watu wengi hawana mwanya na wanaishi.

Kuhusu kuanguka, mbona unauliza sana? Nilikuwa nimebeba madaftari ya watoto, rundo zima, sikuona chini. Basi.

Mjukuu wako.


2 Mei

Mke wangu,

Huku wote wanakula na kulala. Jogoo ameanza kuwika tena lakini kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

Nimesoma barua yako mara nyingi hadi shangazi akaniuliza kama ni hati ya kiwanja. Nikamwambia ni mapenzi, hayamhusu. Sikumsomea. Unajua akijua yeye, kabla jua halijazama na mume mwenzangu amejua, maana wanapigiana simu na anamwita "mwanangu".

Kwanza, mwanya. Sisi waashi ukuta mrefu tunauachia upenyo katikati. Mwenye nyumba asiyejua hulalamika, kwa nini mmeacha tundu, na tukimsikiliza tukaziba, jua la kwanza tu ukuta unapasuka unapotaka wenyewe. Kwa hiyo nakutumia kifaa. Fungua bahasha polepole, kuna njiti ya kiberiti. Kichwa nimekikata, tusije tukachoma posta. Unakumbuka? Bibi yako alikuwa akishona anaichomeka njiti kwenye mwanya wake na kuendelea kuongea nayo imesimama, na wewe ukalia unataka na wewe. Wako ulikuwa mwembamba, njiti ilikwama. Akaiparua upande mmoja, akajaribu, akaiparua tena, mpaka ikakuingia, ukatembea nayo siku nzima kama bwana mkubwa mwenye sigara. Hii nimeiparua kwa wembe, macho nimeyafumba, kwa vidole tu. Vidole vyangu havijasahau kipimo chochote kilichowahi kupita ndani yake. Mpe daktari. Mwambie mwashi mwenzake amemtumia kipimo.

Pili. Mwezi wa pili ulibeba ndoo. Mwezi wa nne umebeba madaftari. Mimi nilifika darasa la nne, tena kwa kusukumwa, lakini ndoo na daftari navitofautisha. Mke wangu, mikono ilikuwa wapi?

Usijibu kama hutaki. Lakini usinidanganye na mimi pia, nitakosa wa kumtania.

Babu.

Koma sina leo.


15 Julai

Mjukuu wangu,

Sijapata jibu. Labda posta, labda mitihani. Najua shule hazijafungwa, nimemuuliza kila mtoto anayepita na sare.

Nakutangazia msiba. Mwenyekiti amejiuzulu. Nilikuwa nakula ndizi, ndizi, si mfupa, nikahisi kitu kigumu, nikadhani ni jiwe, kumbe ni yeye. Nimemfunga kwenye karatasi na kumweka kwenye kopo la misumari. Shangazi anasema sasa nikiongea nafanana na kuku anayekunywa maji.

Nakula vya kumumunya tu. Nyumba nzima hakuna kitu kigumu cha kutafuna. Nakuambia ili ujue.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata ukiandika "shupuria" peke yake nitashukuru.

Babu.


9 Agosti

Shikamoo babu.

Pole kwa msiba. Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena.

Barua zako zote mbili zilifika. Zinatunzwa kwenye droo ya mwalimu mkuu, nami sikuwa na cha kuandika ambacho si ndoo wala daftari.

Njiti niliificha ndani ya boksi la chaki. Siku ya kuchukua chapa, ile unayong'ata kitu kama udongo mbichi mpaka kikauke, mume wangu alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni. Daktari akamwambia mgonjwa anahitaji mswaki laini sana, akamwandikia jina, akamtuma duka la dawa ng'ambo ya barabara. Alipotoka, daktari akashuka kwenye kigoda, akavuta kiti, akanong'ona, "Sasa niambie wewe." Nikatoa njiti. Akaigeuza. "Hii ni nini?" Nikasema, "Ni babu yangu." Nikamweleza. Alicheka mpaka akafuta miwani. Halafu akaipima kwa kile chuma chake, akaandika, akairudisha mkononi mwangu na kuukunja mkono wangu juu yake. Mume wangu aliporudi na mswaki tulikuwa tunazungumza habari za fizi.

Meno yamekaa tangu wiki iliyopita. Nimejitazama chooni shuleni, kwenye kile kioo kilichopasuka. Mwanya upo, babu. Njiti inapita, inasugua kidogo upande wa kushoto kama zamani. Nimerudishwa darasani. Nikawasomea sufuria, safi kabisa, na mtoto mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, umekosea. Ni shupuria."

Daktari aliniambia jambo moja siku ya mwisho, tukiwa peke yetu tena, safari hiyo alimtuma mume wangu akalete gari karibu. Alisema mfupa wa pale mbele umebaki mwembamba, skrubu zimeshika lakini kwa shida. Yakivunjika haya hakutakuwa na pa kuweka mengine. "Safari nyingine sitaweza," akasema. Nikamwambia hakutakuwa na safari nyingine. Alinitazama tu, ameshika taa.

Garini mume wangu alinitaka nitabasamu, nikatabasamu, akaona. Tulipofika nyumbani akasema, "Umefanya makusudi." Hapo niishie.

Babu, umeniuliza mara tatu. Sikubeba ndoo. Sikubeba madaftari. Sikuanguka. Mikono yangu ilikuwa imeshikwa. Yote miwili, kwa mkono wake mmoja. Unajua mikono yangu ni midogo.

Usimwambie shangazi. Usije, na nyonga hiyo. Sitaki ufanye kitu, nilitaka mtu mmoja ajue. Shule zinafungwa tarehe kumi na sita. Nimemwambia nataka kuja kukuona, hajasema ndiyo, hajasema hapana. Nitajaribu.

Ile koma iliyobaki mwezi wa pili nakurudishia, utaihitaji: ,

Mjukuu wako.


20 Agosti

Mke wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Shule zenu zimefungwa tangu tarehe kumi na sita. Kwa hiyo hii itakwenda kulala kwenye droo ya mwalimu mkuu mpaka zifunguliwe, na kwa anwani nyingine siwezi kuiandika, hilo nimeshalielewa sasa. Naandika barua ambayo hutaisoma. Lakini nisipoandika nitafanya nini na mkono huu?

Nilichofanya leo ni hiki. Niliisoma. Nikavaa viatu. Nikachukua begi, nikaweka shati moja na ule mwiko wangu mpya, sijui wa nini. Nikatoka. Nilifika kona. Pale nyonga ikakataa, nikaketi chini barabarani kama gunia, na muuza mkaa akanipakia kwenye mkokoteni wake katikati ya magunia, akanirudisha. Shangazi yako alinifungulia mlango akapiga kelele, alidhani nimeungua. Mweusi mpaka masikioni. Siku nyingine ningekuandikia kurasa tatu za hilo.

Nikamwomba shangazi apige simu kwenu, aseme babu anataka tu kukusikia. Alipokea yeye. Akasema umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na wewe tangu utotoni jogoo ndiye alikuwa anakusubiri wewe. Shangazi akakata simu anatabasamu, "Kijana mpole yule. Safari zote za meno kampeleka mwenyewe, hakukosa hata siku moja." Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimekuahidi, ingawa hukunisikia nikiahidi. Nikaufunga. Akadhani ni fizi.

Gari la kutoka huko hupita hapa jioni. Jana nilikwenda kukaa barazani, ingawa barua ilikuwa bado haijafika na sikuwa na sababu. Leo nimekaa nikiwa na sababu. Wameshuka mwanamke na mtoto, na mzee mwenye godoro. Kesho nitakaa tena. Muuza mkaa amesema atanisogeza mpaka kituoni kwa mkokoteni wake, na hakuuliza kwa nini.

Chumba chako nimekifagia mwenyewe kwa kuegemea ukuta. Kuku nimewatoa. Kitanda kipo pale pale, chini ya dirisha lile ulilolipigia plasta ukiwa na miaka saba, na mimi nikakusifu, na mpaka leo mvua inaingia. Chakula cha hapa ni cha kumumunya tu, hakuna kitakachoyagusa meno yako. Hakuna kitu kigumu ndani ya nyumba hii, wala mtu.

Koma umenirudishia na sijui pa kuiweka, kwa hiyo nimeiacha juu ya meza pamoja na barua yako.

Mume mwenzangu simsalimii.

Maisha yangu yote nimejenga kuta za watu, na wewe yuko mtu anakushika mikono ndani ya ukuta wa mtu mwingine. Ningekuwa na meno ningekuja huko nimng'ate. Sina hata moja. Wewe unayo mapya.

Njoo nayo.

Babu.